Tazama ukoo wa mwaridi, ndipo ushike mkasi

Nyumba za zamani za nyanda za juu, ziwe za Lushoto, Limuru, Iringa au Kericho, mara nyingi huwa na mwaridi mmoja usiojulikana ulipandwa na nani. Umerefuka kuupita ukuta, nusu ya matawi yake yamekauka, na bado unatoa maua. Mpangaji mpya akihamia, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuukata wote mpaka usawa wa magoti ili uchipue upya. Kwa baadhi ya miwaridi ushauri huo ni sahihi. Kwa mingine ni kupoteza maua ya mwaka mzima bila sababu, na iko ambayo hufa kabisa.

Anayetoa ushauri huo hajajiuliza mwaridi ulio mbele yake ni wa ukoo gani. Ninashikilia kwamba kazi zote za bustani ya waridi hutoka katika jibu la swali hilo: namna ya kupogoa, kiasi cha dawa, mahali pa kupanda, hata uamuzi wa kuupanda au kuuacha. Vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa kwa bustani za Uingereza na Marekani, ambako baridi kali ndiyo inayopanga kalenda ya kazi. Mtunza bustani wa Arusha au Nakuru akiifuata kalenda ile, anakata wakati mmea haujalala, kwa sababu kwetu mwaridi haulali. Akiujua ukoo, ataweza kupanga kazi kwa mvua na jua la kwake.

Ukoo si jina. Watu wengi huniletea picha ya ua wakitaka jina tu, na jina ndilo gumu kulipata kuliko yote. Chukua waridi moja maarufu, la manjano lenye kingo za pinki, lililozalishwa na Francis Meilland wa Ufaransa miaka ya 1930. Kwao likaitwa 'Madame A. Meilland', kwa heshima ya mama yake. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, vipandikizi vilikuwa vimekwisha kupelekwa nchi nyingine, na huko kila mmoja akalipa jina lake: Ujerumani 'Gloria Dei', Italia 'Gioia', na Marekani 'Peace', jina lililotangazwa rasmi tarehe 29 Aprili 1945. Ua ni lile lile. 'Iceberg' nalo, jeupe la vishada lililotolewa na Kordes mwaka 1958, Wajerumani wanalijua kwa jina la 'Schneewittchen'. Kwenye vitalu vyetu vya kando ya barabara mambo ni mepesi zaidi: kuna jekundu, jeupe, la manjano na pinki, basi. Jina limepotea tangu mikono ya pili au ya tatu. Ukoo, kinyume chake, hauwezi kupotea, maana uko kwenye jani, mwiba na tabia ya kuchanua.

Jenasi ya Rosa ina spishi zipatazo 150, na zote asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia. Afrika kusini mwa Sahara ina moja tu ya kwake, Rosa abyssinica, yenye maua meupe ya petali tano, inayoota kwenye milima ya Ethiopia na majirani zake, hadi ng'ambo ya Bahari ya Shamu huko Yemen. Kila mwaridi ulioko bustanini Kenya au Tanzania, basi, ni mgeni aliyeletwa, na wageni hawa wametoka hasa katika jamaa mbili kubwa zilizokutana baada ya karne nyingi za kulimwa mbalimbali.

Jamaa ya kwanza ni ya Ulaya na Asia ya Magharibi. Humo wamo gallica, damaski, alba na centifolia, mawaridi ya harufu nzito ambayo, isipokuwa damaski moja ya vuli, huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka. Jamaa ya pili ni ya China, yenye Rosa chinensis na jamaa zake wa chai. Hawa huchanua mwaka mzima, hali ya hewa ikiruhusu. Mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 mawaridi ya Kichina yalifika Ulaya kwa meli za biashara: 'Old Blush' la pinki, jekundu la Slater, kisha mawili ya chai mwaka 1809 na 1824. Karibu kila waridi la bustani unaloliona leo lina damu ya wageni wale.

Sababu ya tofauti hiyo ilikuja kueleweka vizuri mwaka 2012, watafiti wa Ufaransa na Japani walipoonyesha kwamba mwaridi una jeni iitwayo KSN, ambayo kazi yake ni kuzuia kuchanua. Katika mwaridi wa Ulaya jeni hiyo hutulia kwa muda machipukizi yanapoanza baada ya baridi, maua hutoka, kisha huamka na kuzuia tena hadi mwaka unaofuata. Katika mwaridi wa Kichina kipande cha DNA kimejipachika ndani ya jeni hiyo na kuiharibu. Kizuizi hakipo. Chipukizi lolote likikua, mwisho wake ni ua.

Mtunza bustani asidhani hilo ni la maabara peke yake. Kama mwaridi wako una urithi wa China kamili, kila unapokata tawi lenye afya unaagiza ua, nalo kwa kawaida litachanua baada ya wiki sita hadi nane, au zaidi kidogo kwenye miinuko ya baridi. Kama hauna, maua ya mwaka huu yatatoka kwenye matawi ya mwaka jana, na ukiyakata matawi hayo umeyatupa maua pamoja nayo. Mkato ni ule ule, mkasi ni ule ule, na matokeo ni mbingu na ardhi.

Kwa watu wa Pwani swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu waridi tunalolijua zaidi ni la harufu. Marashi mawaridi yanayonyunyizwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi hutokana na damaski, na wenye ndugu Oman wanayajua yale ya Jabal Akhdar, ambako mashamba ya waridi yamepangwa kwa matuta mlimani, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na maua huvunwa alfajiri kati ya mwisho wa Machi na Mei. Naulizwa mara nyingi: nikileta mche wa kule nikaupanda Unguja, nitapata marashi? Jibu ni hapana, na kumwagilia sana au kuweka samadi hakutalibadilisha. Damaski inahitaji majira ya baridi ya kweli ili kuamsha maua, na Jabal Akhdar inayo. Usiku wa Januari kule hukaribia kuganda. Mche utaishi Unguja kwa muda, utatoa majani, kisha utadhoofika.

Mwingine huuliza kuhusu Limuru, yenye mwinuko wa juu kidogo kuliko ule wa Jabal Akhdar. Limuru ina baridi ya usiku, lakini haina majira. Tofauti ya joto kati ya mwezi wa baridi na mwezi wa joto ni nyuzi chache tu, na usiku na mchana hupishana zaidi kuliko miezi. Damaski na gallica hapo hutoa kichaka kizuri cha majani na maua haba. Sisemi asijaribu anayependa, nasema asitegemee.

Pengine kisa kinachonifurahisha kuliko vyote katika historia ya mawaridi kilitokea katika Bahari ya Hindi yetu hii, kwenye kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, ambacho wakati huo kiliitwa Bourbon. Wakulima wa kule walikuwa wakizungushia mashamba yao ua wa miwaridi, wakichanganya damaski ya vuli na 'Old Blush' la China. Karibu mwaka 1817 mtaalamu wa mimea aitwaye Bréon aligundua mwaridi usiofanana na wazazi wowote wawili peke yao, akapeleka mbegu Ufaransa. Ndipo ukoo wa Bourbon ulipoanzia: harufu ya damaski pamoja na kuchanua tena na tena kwa Mchina. Kizazi chake kilienea hadi India. Kisiwa cha joto, ua wa shambani, na nyuki. Hakuna bingwa aliyepanga ndoa ile. Tunaofanya kazi katika nchi za joto tungekuwa tumejifunza mengi zaidi kutoka Réunion kuliko kutoka bustani za London.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1867 Guillot wa Lyon alitoa 'La France', linalohesabiwa kuwa la kwanza katika ukoo wa chai chotara, yaani ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, umbo ambalo watu wengi leo wanaliona ndilo waridi lenyewe. Mwaka 1900 Pernet-Ducher, wa Lyon pia, akatoa 'Soleil d'Or', baada ya kutumia mbelewele za Rosa foetida, waridi la manjano makali la Asia ya Magharibi. Kabla yake ukoo wa chai chotara haukuwa na manjano iliyokolea wala rangi ya chungwa. Rangi hizo zilikuja na deni: Rosa foetida haina kinga dhidi ya madoa meusi, na udhaifu huo ulirithiwa na vizazi vingi vya mawaridi yenye rangi hizo. Ndiyo maana, ukipanda mwekundu na wa manjano kando kwa kando, kwa udongo ule ule na mtu yule yule, wa manjano mara nyingi ndio unaopukutisha majani kwanza wakati wa masika. Mwenye bustani hana kosa lolote hapo.

Sasa twende kwenye mmea wenyewe. Usianze na ua. Piga magoti uanze chini, pale shina linapoingia ardhini. Miwaridi mingi ya kununua imebebeshwa: jicho la aina inayotakiwa limepachikwa kwenye shina la aina nyingine yenye mizizi imara. Katika mashamba ya maua ya Kenya shina linalotumika sana ni 'Natal Briar'. Kwingineko hutumika Rosa multiflora, na Marekani ilizoea 'Dr. Huey'. Mahali pa kiungo huwa na uvimbe kama kifundo. Tawi lolote linalotoka chini ya uvimbe huo si la waridi ulilonunua. Ni la shina la chini, na kwa kuwa lina nguvu kuliko mwenzake litakula chakula chote hadi la juu life. Watu huniambia waridi lao jekundu "limegeuka" likawa jeupe dogo la vishada. Halikugeuka. Lilikufa, na multiflora iliyokuwa chini ikachukua nafasi.

Kuna imani imeenea kwamba jani lenye vijani saba ni la mwitu na lenye vitano ni la bustani. Imani hii imefanya watu wang'oe matawi mazuri. Mawaridi mengi halali ya bustani yana vijani saba, na hata tawi moja linaweza kubeba majani ya vitano na ya saba. Kinachoamua ni mahali tawi linapotoka. Fukua udongo kwa vidole hadi uone chanzo chake. Likiwa la chini ya kiungo, livute ling'oke na kipande cha ngozi yake, kwa sababu ukilikata tu kwa mkasi utabakiza macho yatakayochipua mara mbili.

Ukishajua kwamba unachokitazama ndicho kilichokusudiwa, chukua jani na uangalie sehemu ya chini ya kikonyo chake. Pana vijibawa viwili vyembamba vilivyoshikamana nacho, kimoja kila upande. Watu hawavitazami kabisa, nami naviona kuwa alama bora kuliko ua. Vikiwa na kingo zilizochanika kama meno ya chanuo, mmea una damu ya multiflora, na hapo tarajia maua madogo ya vishada. Vikiwa na kingo nyororo au vijinywele vyenye tezi tu, umeondoka upande huo. Jani lenyewe nalo lina habari: la Kichina na la chai ni laini, limechongoka, na likiwa changa lina wekundu wa shaba, la gallica na damaski ni la kijani kisichong'aa, lenye vinyweleo chini, la Rosa rugosa limekunjamana, la Rosa wichurana, babu wa miwaridi mingi ya kutambaa, ni dogo na linang'aa.

Miiba pia husaidia. Mchina ana michache, mikubwa kidogo, imepinda, na iko mbali mbali. Gallica ana msongamano wa vinywele vikavu vyenye kuchoma kidogo tu. Rugosa ana sindano zilizonyooka, zimebanana hadi ngozi ya shina haionekani.

Ua nalo lina zamu yake. Kwanza subiri lizeeke. Mawaridi ya Ulaya hufifia juani. La pinki huenda likawa karibu jeupe siku ya tatu. Ya Kichina hufanya kinyume, jua likiyapiga rangi hukolea, na kwenye mti mmoja utaona ua jipya lililopauka pembeni ya lililozeeka lenye wekundu. Ukiona hivyo kwenye kichaka kisichokuwa na jina, una sababu nzuri ya kuamini kwamba ni Mchina wa karibu. Kisha petali zikianguka, tazama katikati, kwenye nyuzi za kike. Zikiwa zimeungana kuwa mlingoti mmoja uliosimama, ni upande wa multiflora, wichurana au Rosa moschata. Zikiwa huru kila moja peke yake, ni upande wa China au wa Ulaya.

Harufu niliyoiweka mwisho ndiyo wengi wanayoanza nayo. Harufu ya damaski, ile nzito tuliyoizoea kwenye marashi, hutokana hasa na kemikali kama geraniol, citronellol na phenylethanol. Harufu ya mawaridi ya chai ni nyepesi, karibu na ya majani ya chai yaliyokauka, na inatoka kwa kemikali nyingine kabisa. Mawaridi ya kisasa yamechanganya zote mbili kwa vipimo mbalimbali, na mengine hayana hata moja. Nusa asubuhi, umande ukiwa umekauka na jua halijawa kali. Mchana wa joto harufu huwa imekwisha kuruka, na utalihukumu vibaya ua lisilo na kosa.

Alama hizi chache, pamoja na kuangalia kwa mwaka mmoja kama mmea unarudia kuchanua, zinatosha kukuambia namna ya kuukata. Chai chotara, wale wa ua moja kubwa, wanavumilia kukatwa kwa nguvu. Lakini katika nchi isiyo na baridi kali sioni haja ya kuwateremsha hadi magotini kila mwaka. Theluthi moja ya urefu inatosha, pamoja na kuondoa kabisa tawi moja au mawili yaliyozeeka, yenye magome ya kijivu, ili mapya yapate nafasi. Kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Kwa nyanda za juu zenye masika ya Machi hadi Mei, napendelea mwisho wa Julai na Agosti: mvua zimepita, majani yenye magonjwa yanaondoka pamoja na matawi, na machipukizi yanakutana na jua la Septemba. Miezi mingine yote, ua likinyauka, lifuate chini hadi jani la kwanza lenye vijani vitano ukate hapo.

Wachina na wa chai ni habari nyingine. Hawa huweka akiba yao kwenye matawi ya zamani na hujenga kichaka polepole, tawi juu ya tawi. Ukiwakata hadi chini wanasinyaa, na mzee wao anaweza asiinuke tena. Hao ndio wanaouawa na panga la mpangaji mpya. Wape usafi tu: toa vilivyokauka, vilivyokwaruzana na vilivyonyauka, mengine waachie.

Wa kutambaa wanaochanua mara moja, kata baada ya maua, kamwe si kabla. Na hata wale wanaorudia, wengi hukosa maua kwa sababu ya kusimamishwa wima. Lile tawi refu likivutwa na kufungwa likalala kando ya uzio, kila jicho lake huchipua na kutoa ua. Likiachwa limesimama, ncha tu ndiyo inayochanua. Kamba na nusu saa ya kazi huzidi mbolea yoyote ya dukani.

Magonjwa nayo yanasomeka kwa hali ya hewa. Madoa meusi, yanayoletwa na kuvu wa Diplocarpon rosae, yanahitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi mfululizo. Basi usimwagilie jioni na usimwagie majani. Mwagilia asubuhi, ardhini, na weka matandazo ili matone ya mvua yasirushe vijidudu kutoka kwenye udongo. Ubwiri unga hauhitaji maji juu ya jani. Unapenda mchana mkavu wa joto unaofuatwa na usiku wa ubaridi wenye unyevu hewani, hali ambayo nyanda zetu za juu zinayo miezi mingi. Kupunguza msongamano wa matawi ili hewa ipite husaidia kuliko wanavyodhani wanaokimbilia dawa. Wakati wa kiangazi jihadhari na utitiri mwekundu: geuza jani, ukiona vumbi linalotembea na utando mwembamba, lioshe upande wa chini kwa maji yenye nguvu, siku kadhaa mfululizo, kabla hujafikiria sumu ambayo itawaua pia wadudu wanaomla.

Pwani ina masharti yake. Usiku wa joto humaliza akiba ya mmea, kwa hiyo maua huwa madogo, hupauka na kufunguka yote kwa siku moja. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, ilhali mwaridi unapenda udongo wenye pH ya 6 hadi 6.5; kwenye chokaa mizizi hushindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Kuongeza samadi tu hakutibu hilo haraka. Anayetaka waridi Mombasa, Lamu au Unguja afadhali atumie chombo kikubwa chenye udongo mwekundu na mboji, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, tena achague ukoo wa China, wa chai au wa vishada vidogo. Chai chotara za rangi ya chungwa aziache kwa watu wa Njombe.

Swali la kupanda vikonyo vya mashada ya maua ya dukani nalijibu kwa kifupi. Aina za Naivasha na Usa River zimezalishwa kwa ajili ya vitalu vilivyofunikwa, kikonyo kirefu na kudumu siku nyingi baada ya kukatwa. Nyingi zimepoteza harufu njiani na hazina ustahimilivu wa mvua. Zaidi ya hayo, nyingi zina wenye haki. Kenya iliingia katika mkataba wa UPOV wa kulinda aina mpya za mimea mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015, hivyo kuzizalisha kwa kuuza bila ruhusa hairuhusiwi.

Hazina ya kweli iko kwenye nyua za zamani. Mwaridi ambao umeishi bila dawa wala mbolea kwenye uwanja wa misheni, kando ya nyumba ya reli au katika makaburi, umekwisha kufaulu mtihani ambao aina mpya ya dukani haijaufanya. Ninasikitika kila ninaposikia mmoja umeng'olewa kupisha matofali. Omba ruhusa ukate kipandikizi. Chagua tawi ambalo ua lake limetoka kunyauka, lenye unene wa penseli, ulikate sentimita 15 hadi 20, mkato wa chini uwe chini kidogo ya jicho. Ondoa majani yote ila mawili ya juu. Lizike nusu ya urefu wake katika mchanga wa mto uliochanganywa na mboji iliyoiva, mahali penye mwanga bila jua kali, udongo uwe na unyevu bila kujaa maji. Kati ya wiki ya nne na ya nane Wachina wengi watakuwa wameshika mizizi; chai chotara ni wagumu zaidi, basi kata vipandikizi vingi kidogo. Mmea utakaopatikana unasimama kwa mizizi yake mwenyewe, na chipukizi lolote litakalotoka ardhini litakuwa la kwake.

Kila kipandikizi kiwekewe kibao siku hiyo hiyo. Andika kilikokatwa, mwezi, rangi ya ua likiwa jipya na likiwa limezeeka, umbo la vile vijibawa vya kikonyo cha jani, na miezi ambayo mama yake huchanua. Nafasi ya jina iache wazi.